Mashine Iliyosema Hayupo

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, umeegemea ukuta wa duka la vipuri, na ukikaa vibaya unakufinya. Lakini mtaa mzima hakuna benchi linalogombaniwa kama hilo. Pembeni, karibu na nguzo, hukaa Mzee Gia, aliyeendesha lori mpaka mgongo ukamgomea, na sasa anaendesha mazungumzo. Anayefuata ni Mkasi, kinyozi, ambaye mteja akija kibandani humpungia mkono asubiri kwanza hoja iishe. Wa tatu ni fundi viatu wanayemwita Wakili, si kwa kuwa amesoma sheria, bali kwa kuwa tangu azaliwe hajawahi kukubali kosa. Mwisho kabisa, penye soketi ambayo mwenye duka ameisahau nje, hukaa Chaji, binti pekee wa benchi, na kompyuta yake mapajani. Jina hilo wamempa wao, maana kila akifika salamu yake ni moja tu: "Umeme upo?" Mama Birika ndiye mwenye kahawa, na kwa hiyo ndiye mwenye benchi, ingawa hajawahi kulikalia.

Siku hiyo Chaji hakuuliza umeme. Alikaa, akafungua kompyuta, akaifunga, akaifungua tena.

— Kulikoni, mwanangu? akauliza Mzee Gia.

— Leo saa kumi narudi chuoni, Mzee. Na mashine bado inasahau.

Benchi lote likamgeukia. Habari ya chuo kila mtu aliijua. Kwa muda mrefu Chaji alikuwa anatengeneza lugha yake mwenyewe ya kuiamuru kompyuta, lugha ya maneno ya Kiswahili kama *ikiwa* na *rudia* na *acha*, ili mtoto wa chuo cha ufundi asihangaike na maneno asiyoyajua kabla hata hajaanza kufikiri. Aliiita Chonga. Na ili Chonga itembee, alijenga mashine isiyoshikika, mashine inayoishi ndani ya mashine. Mara ya kwanza alipoipeleka chuoni, Mwalimu wa karakana alikaa mbele, wanafunzi wakajaa mpaka madirishani, na mambo yakaanza vizuri mno. Kila mwanafunzi aliingizwa mle ndani; ukimtaja, mashine inakuambia meza yake ya kazi ni ipi. Wakacheza nayo, wakaichosha, kisha wakamtaja yule yule wa mwanzo. Mashine ikajibu: *Hayupo.* Na mwenyewe amesimama pale, anajipapasa. Ukumbi ulicheka mpaka Chaji akatamani ardhi ipasuke. Mwalimu alimwambia kwa upole, na upole ule ndio uliouma: "Mashine inayosahau watoto wangu siwezi kuiingiza darasani. Irekebishe. Nitaitazama mara moja tena." Mara moja, basi.

— Kwani inasahau vipi? akauliza Mkasi. Inasahau wote, au inachagua?

— Inachagua. Na haianzi mapema. Ukiiwasha iko safi kabisa. Ikishafanya kazi sana ndipo inaanza hayupo, hayupo.

— Basi imechoka! Mzee Gia alijipiga goti. Nisikilize mimi niliyeishi na vyuma. Nilikuwa na lori likipanda mlima mrefu linasahau gia ya tatu. Unaitafuta, huipati. Liegeshe kivulini lipoe, gia hiyo hapo.

— Nimeipumzisha, Mzee. Nimeipepea mpaka kwa gazeti.

— Gazeti la lini?

— Wee Mzee! Mkasi akaingilia. Si uchovu hata kidogo. Ni haya. Nina wateja, mtu akiwa peke yake anajua mtindo anaotaka. Akiingia wa pili kibandani, nikimuuliza anajibu "nyoa tu." Kasahau! Mashine iliona umati, ikapata kitete.

— Mbona hata nikiwa peke yangu inasahau?

— Na wewe si mtu? Inakuonea haya wewe!

Wakili alikuwa ametulia, sindano mdomoni, anangoja kama kawaida yake wengine wajimalize. Akaitoa sindano.

— Nyote mnasema inasahau. Nani kathibitisha? Mashine imesema hayupo. Labda kweli hayupo.

— Wakili, mtoto wa watu alikuwa amesimama mbele yangu!

— Nje alisimama. Ndani je? Ulimwingiza, sawa. Ulifunga mlango? Mimi nasema watoto wametoroka. Wamepita kwenye waya. Fungua kompyuta ya jirani yako, utawakuta huko wamejaa tele, wanapiga soga.

— Kwenye waya wa chaji!

— Unadhani umeme wako unamalizwa na nini? Ni nauli yao hiyo!

Benchi likaangua kicheko, na Chaji naye akacheka bila kupenda. Alipenda kuja hapa kwa sababu hiyo. Nyumbani angekaa akilia juu ya kompyuta. Hapa huwezi kulia, hupewi nafasi.

— Sasa nyamazeni niwaeleze inavyofanya kazi, alisema. Nikieleza labda nitaona nilipokosea. Mle ndani kuna droo nyingi. Nikiipa mashine mwanafunzi na meza yake, haiwezi kumtupia popote, maana siku ya kumtafuta itabidi ifungue droo zote mpaka kuche. Kwa hiyo inamtazama mwanafunzi, inatoa namba kutoka kwake, na namba ile inasema: mweke droo fulani. Siku nikimuulizia, inamtazama tena, inapata namba ile ile, inakwenda moja kwa moja kwenye droo yake. Mwanafunzi mwenyewe ndiye ufunguo.

— Inamtazama nini? Sura? Mkasi alisogea mbele, maana hapo hoja imeingia kwenye kazi yake.

— Sura hapana. Mambo ya mtu hubadilika. Amehama nyumba, ameongeza mwaka, tayari sura si ile. Mimi nimechukua mahali anapokaa. Kila kitu ndani ya kompyuta kina mahali pake, na wawili hawawezi kukalia mahali pamoja. Mahali pake ndiyo namba yake.

— Safi sana, alisema Mzee Gia. Hapo sioni kosa.

— Hata mimi silioni! Ndicho kinachoniua!

Jua lilikuwa limeizunguka nguzo na sasa lilikuwa linamchoma Mzee Gia utosini. Kwenye benchi hili jambo hilo halina mjadala. Mzee aliinuka, akapita mbele ya wenzake, akajibana katikati ya Wakili na Chaji, na wengine wakasukumana huku na huku mpaka kila mtu akapata kivuli chake. Hoja haikukatika hata kidogo. Walikuwa wameshafika mahali ambapo Wakili anataka watoto waliotoroka wapelekewe barua ya kuitwa, na Mkasi anauliza posta gani itapeleka.

Mama Birika akaja na sinia. Mama huyu, katika mambo kumi na moja anayoweza kuyafanya kwa wakati mmoja, kutazama nyuso za wateja hakumo. Macho yako barabarani kwa mteja ajaye, mdomo unajibizana na mwenye duka, mikono inamimina yenyewe. Wa kwanza toka nguzoni, kahawa chungu, daktari amemkataza sukari. Wa pili, tangawizi. Wa tatu, sukari mpaka kijiko kinasita. Wa nne, maziwa. Akagawa, akageuka aende zake.

Mzee Gia ndiye aliyepiga kelele kwanza.

— Mama, unataka kuniua? Hii ni asali!

— Na mimi nimepewa dawa ya minyoo! Mkasi alikuwa amekunja uso wote.

— Tangawizi! alisema Wakili, akikitazama kikombe kama kielelezo cha kesi. Nani kanituhumu kwa tangawizi?

Mama Birika akashika kiuno.

— Mimi nimeweka kila kikombe mahali pake. Mlioko mahali pasipo penu ni nyinyi.

— Tumesogea, mama! Jua!

— Mnasogea bila kuniambia, halafu mnanigombeza mimi?

Kikombe cha Chaji kilikuwa kimefika nusu ya safari ya mdomoni. Kikakaa hapo hapo.

— Mmesogea, alisema polepole.

— Tumesogea ndiyo, wewe hukuona? Nimekukanyaga, alisema Mzee Gia.

— Mmesogea! Chaji aliruka, maziwa yakamwagika kwenye viatu ambavyo Wakili alikuwa amemaliza kuvipaka rangi. Mama Birika, nikubusu wapi? Mfagiaji! Ni yule mfagiaji!

— Mfagiaji hajapita leo, alisema Mkasi, akitazama takataka.

— Wa ndani ya mashine! Nafasi ikijaa anapita. Vitu ambavyo hakuna tena anayevikumbuka anaviondoa. Halafu vilivyobaki anavisogeza pamoja, mapengo yazibike. Anavisogeza, Wakili! Mwanafunzi alikuwa hapa, sasa yuko pale. Mahali pake pamebadilika, namba imebadilika. Namtafuta, mashine inapiga namba mpya, inakwenda droo nyingine, inachungulia, patupu, inasema hayupo. Na kumbe yupo! Yupo kwenye droo ile ile ya zamani, amekaa, anangoja kuitwa!

Wale watatu wakaanza kubadilishana vikombe.

— Ndiyo maana haianzi mapema, alisema Mzee Gia. Mpaka nafasi ijae.

— Mpaka ijae, Mzee! Mpaka ufagio upite!

— Na huyo mfagiaji aliajiriwa na nani?

Chaji akajikuna shingo.

— Na mimi. Mwezi uliopita. Droo nilizijenga zamani, wakati hakuna kitu kinachosogea mle ndani. Kisha nikaleta mfagiaji, nikajisifu hapa hapa, mkaninunulia kahawa.

— Kahawa irudishwe, alisema Wakili.

Lakini Chaji alikuwa ameshainama juu ya kompyuta, vidole vinakimbia. Kama kosa ni hilo, alisema, basi atalilazimisha lijitokeze. Ataibana kumbukumbu ya mashine iwe ndogo mno, mfagiaji asipate kukaa, awe anapita na kurudi, anapita na kurudi. Wote wakamzunguka, Mama Birika na birika lake mkononi. Akabonyeza. Kiooni majibu yakamiminika: *Hayupo. Hayupo. Hayupo. Hayupo.*

Chaji akarusha mikono juu akapiga kigelegele.

— Amerukwa na akili, alinong'ona Mkasi. Darasa zima limepotea, yeye anashangilia.

— Nimelikamata, kaka! Kosa lililokuwa linajificha linitie aibu mbele ya watu, sasa ninalo mkononi! Wapi litakwenda?

Na furaha ile ilikuwa ya kweli, ya kuambukiza, kiasi kwamba Mzee Gia naye alianza kuhesabu kila *Hayupo* kwa kupiga makofi, bila kujua anachoshangilia.

Ikabaki kurekebisha, na hapo ndipo kila mtu alipokuwa mhandisi.

— Mfukuze mfagiaji, alisema Mkasi.

— Nikimfukuza takataka zitajaa, mashine itakaba koo.

— Basi awe anafagia bila kusogeza.

— Apige kelele kabla ya kusogeza, alisema Mama Birika kwa uchungu. Atoe taarifa kama binadamu.

— Watoto wafungwe kamba, alisema Wakili. Kila mmoja na droo yake. Mfagiaji akimvuta mtoto, droo inafuata, meza inafuata, na jengo la chuo linafuata nyuma.

— Wapewe sauti, alisema Mkasi. Mtu hata umpeleke wapi, anavyokoroma havibadiliki. Mashine isikilize mkoromo.

— Mke wangu alikuwa ananijua kwa kikohozi tangu lori liko njia panda, alisema Mzee Gia.

— Hapana, alisema Chaji, bila kuinua macho. Nampa namba. Siku ya kwanza anapotumika kama ufunguo, anagongwa namba mgongoni, na anaibeba mwenyewe. Mfagiaji akimsogeza, anamsogeza na namba yake. Mashine isitazame tena anapokaa. Itazame mgongo.

— Kama namba ya gari, alisema Mzee Gia. Lihame mji, lipakwe rangi, namba ni ile ile.

— Hasa!

— Na likibadilishwa injini? Wakili hakuwa tayari kushindwa. Milango? Bodi nzima? Likabaki kibao cha namba peke yake, kimelala barabarani? Bado ni lori hilo?

— Nalipakia mizigo, naondoka! alijibu Mzee Gia, na wawili hao wakaanza kesi ya lori ambayo haikuhusu mtu mwingine yeyote.

Chaji aliandika, akafuta, akaandika. Alipobonyeza tena, mfagiaji akiwa bado amebanwa pale pale, mstari wa kwanza ukatokea: *Yupo.* Wa pili: *Yupo.* Ikateremka kiooni mpaka chini, na benchi likaanza kuisoma kwa pamoja, kwa sauti, *Yupo! Yupo! Yupo!* mpaka mteja wa Mkasi, aliyekuwa amenyolewa upande mmoja na kusahaulika, akatoka kibandani na taulo shingoni kuuliza nani amefika.

Aliyefika alikuwa Mwalimu. Chaji alimwona akivuka barabara na mkoba wake, akasimama kwa heshima.

— Shikamoo, Mwalimu. Nilikuwa naja, saa kumi bado.

— Marahaba. Nimekupigia, simu haipatikani.

— Imeisha chaji, alisema Wakili, na benchi likajizuia kucheka.

— Umeme wa chuo umekatika tangu asubuhi, alisema Mwalimu. Hatuwezi kukaa ukumbini. Na jioni hii ratiba ya muhula inafungwa. Nimeona ni adabu nije nikuambie mwenyewe kuliko kukuacha ukute mlango umefungwa. Pole sana, mwanangu.

Chaji akaitazama kompyuta. Kwa hiyo ni hivi. Imepona, na hakuna atakayejua kuwa imepona.

— Itazame hapa, alisema. Ilimtoka tu. Hapa hapa, Mwalimu. Tafadhali.

Mwalimu akalitazama benchi. Wakili alikuwa ameshaanza kulifuta kwa kitambaa cha rangi ya viatu, Mkasi akamnyang'anya kitambaa akaweka taulo la mteja. Mama Birika, kwa mara ya kwanza katika historia, alimtazama mteja usoni, akamuuliza anakunywa ya aina gani.

Mwalimu akakaa. Hakuwa mtu wa kuonewa huruma wala wa kukuonea huruma. Aliliingiza darasa lake lote, mmoja mmoja, toka kichwani. Akawahamisha meza, akawabadilishia anuani, akawaongezea mwaka. Chaji akamwambia kuwa mle ndani kuna mfagiaji anayepita nafasi ikijaa; Mwalimu akamwambia amwite. Akamwambia amwite tena. Kisha akaanza kuwaita watoto, akianzia yule aliyeambiwa hayupo mbele ya wenzake. *Yupo.* Akaita wa pili, wa katikati, wa mwisho, akarudi nyuma bila mpangilio kama anayetaka kuivizia. *Yupo, yupo, yupo.* Mzee Gia alikuwa anasogeza midomo kila jibu likija.

— Ilikuwa na nini? akauliza Mwalimu.

Wakamweleza wote kwa pamoja, midomo minne, mfagiaji na sukari na mgongo na lori, na la ajabu ni kwamba alielewa. Akanywa kahawa yake. Akafikiri.

— Mmesema mfagiaji anaondoa kitu ambacho hakuna tena anayekikumbuka.

— Ndiyo, Mwalimu.

— Sasa mtoto amemaliza chuo, ameondoka zake. Hakuna tena anayemtaja popote. Ila droo bado inamshika, yeye na meza yake. Mfagiaji akipita, amwondoe au amwache?

Chaji akaigeukia kompyuta yake.

— Amwondoe, alisema Wakili. Droo si shahidi.

— Amwache! alisema Mkasi. Mbona droo inamkumbuka?

— Droo inakumbuka kila kitu, kazi yake hiyo. Ukimwacha huyu utawaacha wote, mpaka mashine ipasuke.

— Na ukimwondoa, kesho akarudi mtu kumuuliza?

— Wa kumuuliza yuko wapi, kama hakuna anayemjua?

Wakamgeukia Mzee Gia, ambaye kwa kawaida angekuwa ameshatoa mfano wa lori. Alikuwa anazungusha kikombe kitupu.

— Mimi nyumbani kuna kabati, alisema. Nguo za marehemu mke wangu zimo. Watoto wanasema, baba, zigawe, zinajaza nafasi tu. Hakuna anayelifungua. Hata mimi silifungui.

Mama Birika alitikisa birika, likalia tupu, akaliweka chini bila kutangaza.

— Sijui, Mwalimu, alisema Chaji. Sikuwahi kulifikiria. Nikimwacha nakosea, nikimwondoa nakosea. Sijui kabisa.

Aliona aibu kulisema, na chini ya aibu hiyo alijisikia amechangamka mwili mzima, kama mtu aliyeonyeshwa chumba kipya ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Mwalimu akasimama, akajikung'uta suruali.

— Ungenijibu haraka ningeogopa. Jumatatu, kipindi cha kwanza. Ukiwa na jibu, njoo nalo. Kama huna, njoo hivyo hivyo, utalitafuta na watoto. Nakwenda kuiandika kwenye ratiba kabla hawajafunga.

Akaondoka. Ilichukua muda kidogo benchi kuelewa lilichosikia, kisha kelele zikapanda mpaka mwenye duka la vipuri akatoka nje. Mkasi alimkumbatia mteja wake. Wakili alitangaza kuwa kesi wameishinda na yeye ndiye aliyeitetea. Mama Birika alimshika Chaji mashavu kwa mikono miwili, na Chaji akalia, akalia vizuri, mbele ya watu wote.

Mzee Gia alingoja kelele zitulie. Kisha akamvuta mkono binti.

— Mwanangu. Hiyo Jumatatu, ukifika kwa watoto.

— Naam, Mzee.

— Waambie mimi nimesema amwache.